Sayansi ya Shule za Kati katika Nchi ya Waha

Mpango wa elimu wa Tanganyika wa mwaka 1947, uliorekebishwa mwaka 1950, uliweka baina ya elimu ya msingi ya miaka minne na sekondari ngazi iliyoitwa shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, ambayo kwa watoto wengi wa Kasulu na Kibondo, wilaya za Waha magharibi mwa nchi, ilikuwa ndiyo tamati ya masomo. Kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitarajia wahitimu hao warudi vijijini, muhtasari wa masomo ulielemea kilimo, na mwanafunzi alikutana na sayansi zaidi penye jembe, matuta na samadi. Wazazi wengi nchini waliupinga mwelekeo huo, na uchungu wao unaeleweka hasa katika nchi ya Waha, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imetoa manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, kwani shule nayo ilionekana kuwarudisha watoto kwenye jembe.

Udongo ni somo kubwa la sayansi, lakini mwanafunzi alizoezwa kutenda kabla ya kuzoezwa kuuliza, ilhali nchi yenyewe, kuanzia Kitahana huko Kibondo hadi mabonde ya mto Malagarasi, ilijaa maswali. Katika miaka ya 1930 watu wa Kibondo na Kasulu walikuwa wamehamishwa kutoka makao yaliyotawanyika na kukusanywa mahali palipofyekwa, ili kuzuia malale, ugonjwa unaosababishwa na tripanosoma, kiumbe cha seli moja kinachoenezwa na mbung'o. Mdudu huyo hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, naye buu hujichimbia kwenye udongo ulio kivulini, kwa hiyo kufyeka vichaka ni kumnyima mbung'o mahali pa kuzaliana. Na mtoto aliyejua hayo angeelewa kwa nini mahame ya babu zake yaliachwa porini. Kusini mwa Kasulu kuna Uvinza, ambako utafiti wa akiolojia wa Sutton na Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilitengenezwa tangu takriban karne ya tano au ya sita: maji ya chemchemi yalichemshwa vyunguni hadi yakakauka na fuwele zikabaki, jambo ambalo lingetosha kufundishia myeyusho na uvukizaji bila kifaa chochote cha kuagizwa ng'ambo.

Shule za kati ziliondolewa katika miaka ya 1960, zikamezwa na shule ya msingi ya miaka saba. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Rais Julius Nyerere alitaka nadharia ya shamba ifundishwe sambamba na kazi yenyewe, ili wanafunzi wajue wanachofanya na sababu yake, na waweze kuchambua pale waliposhindwa. Sehemu hiyo ya waraka mara nyingi ilisahaulika, kwani shule nyingi zililichukulia shamba kama chanzo cha chakula na fedha.