Lugha Waliyotoka Nayo Utumwani

Sisi wa Luofu tunajua kukimbia usiku, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Kwa hiyo tunaomba msikie habari ya watu wengine waliokimbia.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua, upande wa Tanga, Tanzania. Wengi walishuka pwani kutafuta chakula, na huko wakafanywa watumwa. Majahazi yaliwapeleka Somalia, kwenye mashamba ya bonde la mto Shabeli.

Kisha wakatoroka. Wazee wao wanasimulia kwamba mwanamke, Wanankucha, ndiye aliwaongoza, wakitaka kurudi kwao kwa miguu. (Wanaosema mama hawezi kuongoza safari wasome tena habari ya Debora.) Kwao hawakufika. Walikaa msituni kando ya mto Juba, wakafyeka, wakalima mahindi, wakajilinda. Mahali pale paliitwa Gosha, yaani msitu. Watoro wa makabila mengine walikuwa pale pia, Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengi wao pole pole waliacha lugha zao, wakasema Kisomali. Wazigua walishika yao. Mama alisema Kizigula na mtoto wake, naye mtoto na wake, bila shule, bila kitabu, zaidi ya miaka 150.

Vita ya Somalia ilipowaka 1991, wakakimbia tena. Wengine walifika Kenya, na tangu 2003 Wabantu wa Somalia zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani. Wengine walishuka mpaka Tanga, wakapokelewa Handeni. Hawakuwa na karatasi ya kuonyesha babu zao walitoka wapi. Lakini walipofungua kinywa, wenyeji walisikia lugha ya nyumbani! Baadaye wengi walipewa mahali pa kukaa Chogo, na uraia wa Tanzania.

Katika Nehemia 13:24 tunasoma juu ya watoto wa Wayahudi walioshindwa kusema lugha ya wazazi wao. Na wetu je? Wengi waliokulia Goma ao Kampala sababu ya vita hawawezi kumjibu nyanya yao kwa Kinande. Nehemia alikasirika hata akawang'oa wazazi nywele. Hatutafika huko. Tunaomba tu kila mzazi, jioni ya leo, amwite mtoto na kumwambia kwa Kinande babu yake alizaliwa mlima gani. Nyumbani kwetu tumeanza juzi. Watoto wanacheka bado.