Kitenganjia: Maana ya Dupleksa na Kazi Yake katika Milima ya Upare

Katika fani ya redio ya ridhaa, yaani redio inayoendeshwa kwa mapenzi ya elimu wala si kwa kutaka chumo, ni vyombo vichache vinavyotajwa sana na kufahamika kidogo kama kile ambacho mafundi wetu hukiita dupleksa. Na kwa kuwa jina hilo halimwambii Mswahili lolote juu ya kazi ya chombo chenyewe, nimeona yafaa nikieleze kwanza, umbile lake na maradhi yake, kisha nitoe rai yangu mintarafu ya jina linalokistahili.

Atakayetaka kujua haja ya chombo hiki na aitazame ardhi ya wilaya ya Same. Mji wenyewe umekaa chini ya milima ya Upare wa Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Ilhali Kisiwani, Maore na Ndungu yenye mashamba ya mpunga ziko upande wa mashariki, zikielekea mbuga ya Mkomazi, na baina ya pande hizi mbili imesimama milima ambayo kilele chake, Shengena, kimefika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mawimbi ya mita mbili, ambayo waredio wa ridhaa wa Afrika na Ulaya wametengewa baina ya megahezi 144 na 146, aghalabu husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima huyakata. Kwa hiyo mtu aliye Same mjini na redio ya mkononi ya wati 5 hawezi kutumaini kusikiwa na mwenzake aliye Ndungu. Dawa yake ni ripita, mtambo uwekwao juu ya mlima, ambao husikia sauti dhaifu kutoka bondeni na papo hapo kuirusha upya kwa nguvu kubwa pande zote. Wala haja hii si ya anasa: maporomoko ya udongo ya Novemba 2009 huko Mamba, katika wilaya hii hii, yaliyofukia nyumba na kuua watu, ni ushahidi kwamba katika nchi ya miteremko habari yahitaji kuvuka mlima kabla ya gari.

Taabu ya ripita imo katika maneno yale mawili, papo hapo. Ripita hupokea, tuseme, kwenye megahezi 145.000, na wakati ule ule hurusha kwenye 145.600, na yote mawili huyafanya kwa antena moja. Tofauti ya kilohezi 600 ni ndogo, haitimii hata nusu ya asilimia moja ya masafa yenyewe. Na katika kipenyo hicho chembamba wati 50 zatoka, huku sauti ya maikrovolti 0.2 ikitarajiwa kuingia, nayo kwa hesabu ya nguvu haifikii hata wati moja iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kila fungu likagawanywa tena kwa milioni. Ni sawa na kumtaka apigaye mbiu ya msaragambo asikie, katika pumzi hiyo hiyo, mtu anong'onaye ng'ambo ya bonde.

Dupleksa ndiyo iliyowezesha jambo hili. Kwa umbo ni mikebe ya shaba au aluminiamu, mara nyingi minne au sita, na ndani ya kila mkebe umesimama ufito wenye urefu wa robo ya wimbi, ambao kwa masafa haya ni takriban sentimita 51. Mkebe uliolinganishwa vyema huyapitisha masafa mamoja kwa wepesi na kuyazuia mengine, na ukichorwa mwenendo wake utaona kilele palipo ruhusa na bonde la ghafla palipo katazo. Nusu ya mikebe huelekea upande wa kurushia, nusu upande wa kupokelea, na pande hizo mbili hukutana penye kebo ya antena. Mafundi hutaka katazo hilo lifike desibeli 80 hadi 90 kila upande, na desibeli 90 ni kupunguza nguvu mara bilioni moja.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita, nami nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu asiyelijua hatalinganisha chombo hiki hata akiwa na ala bora za dunia. Adui wa sikio la ripita si mmoja bali ni wawili. Wa kwanza ni ile nguvu kubwa ya 145.600, ambayo ikiingia kwenye mtambo wa kupokea huulemea hata usisikie kitu; huyu huzuiwa na mikebe ya upande wa kupokelea, ambayo mabonde yake huwekwa kwenye masafa ya kurushia. Wa pili ni kelele. Hakuna mtambo wa kurushia ulio safi kabisa: pembezoni mwa masafa yake humwaga mnyunyizo wa kelele hafifu ulioenea, na sehemu ya mnyunyizo huo huangukia barabara juu ya 145.000, mahali pale pale sauti ya bondeni inapokuja. Kelele hiyo ikishaingia masikioni haiwezi kuchujwa tena, maana iko kwenye masafa yale yale ya sauti itakiwayo. Sharti izuiwe kwao, kabla haijaifikia antena, na kwa sababu hiyo mikebe ya upande wa kurushia huwekewa mabonde yake kwenye masafa ya kupokelea. Kila upande, basi, hulindwa kwa kuyakataza masafa ya mwenzake.

Sasa niingie katika istilahi. Neno la asili limetokana na Kilatini, na maana yake ni maradufu, yaani usemi na usikizi kwenda pamoja. Walakini yaliyomo ndani ya chombo si kufanya maradufu bali ni kutenga. Mtu aweza kusema kitenganishi, na neno hilo ni Kiswahili safi, ila ni pana mno. Aweza kusema kitengamasafa. Lakini jina hilo ningeliwekea ndugu yake, dipleksa, ambayo kazi yake ni kutenga bendi zilizo mbalimbali sana, kama vile 144 na 430, na ambayo kwa matamshi yetu hukaribia kuchanganyika na dupleksa. Kinachotengwa hapa ni njia mbili, ya kutoka na ya kuingia, zilizolazimishwa kupita katika mlango mmoja. Lugha yetu imekwisha kutupa kigezo katika kipimajoto, kinasasauti na kipazasauti, yaani kitendo kikifuatwa na kitendwa. Na kwa kigezo hicho rai yangu ni kitenganjia. Na lile gonjwa lake, mtambo wa kupokea kupungukiwa na usikivu kila mtambo wa kurushia unapowaka, sioni neno lifaalo kuliko uziwi.

Kukilinganisha kitenganjia ni kazi ya subira. Fundi hutumia ala inayopeleka masafa na kuuchora mwenendo wa mkebe kwenye kioo, na mlango wowote usiopimwa huuziba kwa mzigo bandia wa omu 50, yaani kikinzani kinachomeza nguvu bila kuirusha. Kwanza husogeza ufito mpaka kilele kikae kwenye masafa ya ruhusa, kisha huzungusha parafujo ya pembeni mpaka bonde liangukie penye katazo. Na kwa kuwa moja likiguswa jingine huhama, hana budi kurudia tena na tena, akichunga pia kwamba nati ikikazwa mwishoni huvuta ufito kidogo na kuharibu alichokipata. Asitarajie kwamba hakuna kitakachopotea: upotevu wa desibeli 1.5 ni wa kawaida, maana yake wati 50 zikiingia, 35 hivi ndizo zitokazo, zilizosalia hugeuka joto.

Na joto lina neno lake katika Upare. Chombo kikilinganishwa mchana katika hari ya Same, kisha kikapandishwa kwenye ukungu wa milimani, tofauti ya digrii 20 yatosha kuubadilisha ufito wa shaba urefu kwa chini ya sehemu mbili za kumi za milimita, na badiliko hilo dogo lingehamisha masafa kwa kilohezi 50 hivi, kiasi ambacho bonde jembamba halivumilii. Ndiyo maana watengenezaji wazuri hutumia Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hautanuki ila kwa kadiri ndogo sana, uliovumbuliwa na Charles Édouard Guillaume, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Uziwi ukitokea, fundi mwenye haraka hukimbilia parafujo, na hapo ndipo chombo kizima huharibiwa na mkono usio na ala. Njia iliyo sawa ni kuuliza kwanza uziwi umetoka wapi. Iingizwe sauti dhaifu ya kujaribia upande wa kupokelea, kisha antena iondolewe na mahali pake pawekwe mzigo bandia, mtambo wa kurushia uwashwe na kuzimwa. Uziwi ukiondoka, kitenganjia hakina hatia. Kosa limo katika antena, au kebo iliyoingia maji, au bolti zilizoshika kutu mlingotini, ambazo mawimbi yakizipita huzaa kelele mpya, hasa upepo unapozitikisa. Uziwi ukibaki, tazama kebo fupi zinazounga mitambo na mikebe: yenye wavu mmoja wa kukinga huvuja, na mvujo mdogo wa kuipita mikebe kwa nje hubatilisha desibeli zote zilizolipiwa, kwa hiyo itakiwayo ni yenye wavu maradufu na viungo vya aina ya N vilivyokazwa vizuri. Baada ya hayo yote kuonekana salama, ndipo yafaa kuileta ala na kuupima mkebe mmoja mmoja.

Nawaomba mafundi wa Same, Mwanga na Moshi walijaribu neno kitenganjia katika kazi zao, na wakiona lina upungufu waseme. Kadhalika kila akilinganishaye chombo hiki aandike kwenye kadi masafa, vipimo vya kila mkebe na tarehe, aibandike ubavuni pake, ili atakayekuja baada yake apate pa kuanzia. Na atakayeitwa mlimani kwa sababu ripita imekuwa kiziwi, achukue mzigo bandia na kebo mbili za akiba kabla ya kuchukua bisibisi.