Sifa mbaya ya Ifakara na soko la nyumba

Sifa mbaya ya Ifakara ni namna ambavyo mji wa Ifakara, makao makuu ya wilaya ya Kilombero katika mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, umezoea kuelezwa na vyombo vya habari na waandishi wageni kama mahali pa malaria, mafuriko, ajali za mtoni na ugomvi wa ardhi. Makala hii inaeleza sifa hiyo ilikotoka, kiasi gani ina ukweli, na inavyohusiana na bei za viwanja na nyumba za mji huo.

Ifakara iko kwenye tambarare ya bonde la Kilombero. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa, na kusini ni mto Kilombero, ambao ukikutana na Luwegu hufanya mto Rufiji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hadi 1975, ina stesheni hapo. Kwa wanunuzi wengi wa mijini jina la mahali hapa ni jina la mchele kabla ya kuwa jina la mji.

Jina na malaria

Maelezo yanayorudiwa sana na waandishi wageni ni kwamba "Ifakara" katika lugha ya wenyeji maana yake ni mahali pa kufia. Maelezo ya namna hiyo hupendwa kwa sababu ni mafupi na yanatisha. Mwanafunzi akumbuke kwamba maana ya jina, hata ikiwa sahihi, haihesabu vifo vya mwaka huu.

Chanzo kikubwa zaidi cha sifa hiyo ni sayansi yenyewe. Mtaalamu wa Uswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ilianzishwa hapo maabara ya utafiti iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Tangu wakati huo mbu wa Kilombero wamekamatwa, wamehesabiwa na kuandikiwa makala pengine kuliko mbu wa bonde lolote lingine nchini. Kati ya 1992 na 1994 chanjo ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, kijiji kilicho karibu na mji, na kuanzia 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa mpango maalumu ulioigwa baadaye kwingineko. Kwa hiyo jina la mji liliambatana na ugonjwa kwa sababu ugonjwa ulipimwa hapo. Sehemu nyingine zenye malaria nyingi, lakini zisizo na maabara, hazikupata umaarufu huo.

Vipimo hivyo vilionyesha jambo ambalo habari fupi hazikulibeba. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba ndani ya mji wa Ifakara kiasi hicho kilikuwa kama mara 29, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Utafiti mwingine wa 2018 ulionyesha kwamba maambukizi mjini yalikuwa yameshuka sana tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Pamoja na hayo takwimu ya kijiji ya miaka ya 1990 bado huandikwa kana kwamba ni ya mji wa leo.

Nyumba ni sehemu ya mabadiliko hayo. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi na yenye mwanya mpana kati ya ukuta na paa hupitisha mbu kwa urahisi. Nyumba ya tofali la kuchoma na bati, yenye dari na nyavu madirishani, huwazuia wengi. Aliyejenga hivyo mjini bado yumo hatarini msimu wa mpunga, anapohamia shambani kulinda mazao na kulala kwenye dungu lisilo na kuta kamili.

Mafuriko

Hapa sifa mbaya ina msingi, lakini si kwa mji mzima. Mto Lumemo unashuka kutoka milimani na kupita karibu na makazi, nao ukifurika huingia mitaani, kama ilivyotokea katika masika ya 2024. Maji hayohayo ya bondeni ndiyo yanayokuza mpunga. Picha ya mtaa mmoja ukiwa ndani ya maji husambaa nchi nzima ikiwa na maneno "Ifakara yazama", wakati mtaa ulio umbali wa kutembea kwa miguu upo mkavu. Redio za hapohapo, kama Pambazuko FM, huwa na faida ya kujua mtaa kwa jina.

Mto, barabara na ardhi

Kwa miaka mingi safari ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge ilipita kwenye kivuko, na kuzama kwa kivuko Januari 2016 kulirudisha mji kwenye kurasa za mbele. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa Mei 2018. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, iliyokuwa ikilaumiwa kila masika, imewekewa lami.

Migogoro ya ardhi imeandikwa kwa ukali zaidi. Bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2002, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo na wafugaji bondeni. Habari nyingi za kipindi hicho ziliwapanga watu katika makundi mawili tu, mkulima na mfugaji, ingawa zipo familia zinazofanya yote mawili.

Soko la viwanja na nyumba

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyopo. Ardhi ya mji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na ile ya kijiji kwa Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo. Mauziano mengi ya Ifakara, kama ya miji mingine ya ukubwa wake, hufanyika kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, na bei hubaki kati ya muuzaji, mnunuzi na dalali. Mahali ambapo bei hazitangazwi, sifa ya mji hugeuka kuwa ndiyo taarifa ya bei. Mnunuzi wa mbali aliyesoma habari za mafuriko hutaka punguzo hata kwa kiwanja kilicho juu, na mtumishi anayehamishiwa hapo huacha familia alikotoka na kupanga chumba kimoja badala ya kujenga.

Hasara ya upande wa pili haisemwi sana. Anayejua tu kwamba "Ifakara ni rahisi" anaweza kununua wakati wa kiangazi eneo ambalo masika hugeuka dimbwi. Wenyeji hawaangalii jina la mji. Huuliza kiwanja kiko upande gani wa Lumemo, kimepimwa au la, na barabara ya lami iko umbali gani. Jina la kata ya Viwanja Sitini linatosha kuonyesha kwamba habari ya viwanja hapa si ngeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba iliyo ndani ya mita hizo haina uhakika hata kama karatasi za mauziano zimegongwa muhuri.

Upande wa vijiji, mpango wa kuwezesha umilikishaji wa ardhi uliotekelezwa katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi katika miaka ya 2010 ulipima mashamba na kutoa hati za hakimiliki za kimila, nyingi zikiwa na majina ya mke na mume pamoja. Hati inaonyesha mipaka na mwenye haki. Kina cha maji ya masika haikionyeshi. Hicho husomwa kwenye alama ya tope iliyobaki ukutani mwa nyumba ya jirani, au huulizwa kwa mzee aliyekuwapo wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998.