Bendera ya Marekani ilipita Buha usiku, kwa kunyata

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kuna kipande cha historia ya Marekani kilichotokea Kigoma, kwenye nchi ya Waha, atakucheka. Marekani kwake ni Sanamu ya Uhuru, baga, Hollywood na ile bendera ya nyota. Sawa. Ila hiyo bendera ya nyota ilipita Buha mwaka 1871, miaka 15 kabla Sanamu ya Uhuru haijazinduliwa pale New York. Na haikupita kwa mbwembwe. Ilipita usiku, wenye nayo wakinyata ili wenyeji wasisikie.

Kabla ya bendera kilitangulia kitambaa. Bibi zetu walikuwa na kitambaa cheupe cha pamba wakikiita marekani, wengine amerikani. Hilo siyo jina la utani. Kilifumwa kweli Marekani, kwenye viwanda vya jimbo la Massachusetts, kikaletwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem. Mwaka 1833 Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na miaka minne baadaye ikaweka balozi wake mdogo pale Unguja. Wao walichukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, sisi tukabaki na jora. Pamba yenyewe ililimwa na watu weusi waliokuwa watumwa kule kusini mwa Marekani, halafu huku bara jora zikabebwa vichwani na wapagazi, baadhi yao watumwa pia. Kitambaa kimoja, utumwa pande zote mbili za bahari. Hii sehemu huwa hawaisemi wanaposifia biashara ya zamani.

Bara hakukuwa na noti, kitambaa ndicho kilikuwa hela. Kipimo kilikuwa shuka na doti: shuka ni yadi 2, doti ni yadi 4. Na kila msafara ukipita kwenye nchi ya mtu ulilipa hongo. Ndiyo, hongo hii hii. Zamani haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru halali wa njia, unalipwa mchana kweupe na watu wote wanaona. Maana ya kona kona imekuja baadaye.

Sasa ndiyo anaingia Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ya Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita ya Mirambo, kwa hiyo akazunguka kusini, akavuka Malagarasi na kuingia Buha upande wa chini wa Kasulu ya leo. Kibondo hakufika, iko mbali kaskazini.

Waha walikuwa wamejipanga. Mtwale wa kwanza akadai hongo, wakabishana masaa, Stanley akaachia doti 70 na ushee. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mita 250 za kitambaa. Mbele kidogo akatokea mwingine, naye anataka doti zake. Kisha akaambiwa wapo wengine watano njiani. Jamaa akaona atafika Ujiji hana hata leso.

Kwenye kitabu chake Stanley anawaponda Waha kama wanyang'anyi. Mimi naona walikuwa wanafanya kile ambacho nchi yoyote inafanya mpakani. Yeye ndiye aliyeingia na bunduki kwenye nchi ya watu, halafu ushuru ukamuuma.

Akaamua kukwepa. Mtumwa mmoja aliyekuwa akiishi maeneo yale alikubali kuwaongoza gizani kwa doti 12. Wakatoka usiku wa manane kwa vikundi vidogo, wakaiacha njia kuu, wakaingia porini. Humo kwenye msitu wa mianzi kuna mwanamke, mke wa mmoja wa watu wa msafara, akaanza kupiga kelele. Mume akataka kumuua palepale ili asiwaponze wote. Stanley akazuia, kisha yeye mwenyewe akamchapa viboko mpaka akanyamaza, akaamuru afungwe kitambaa mdomoni. Kitabu kinasimulia yote haya bila aibu. Jina la mama huyo hakikutupa, na kwa nini alipiga kelele hakuna aliyemuuliza. Labda alichoka kutembea. Labda alikuwa na hofu kuliko wengine. Kitambaa kilichomziba mdomo sishangai kama kilikuwa marekani.

Walipokaribia Ujiji, bendera zikakunjuliwa na bunduki zikapigwa hewani. Kirangozi akaambiwa aishike juu ile ya Marekani na ile ya Zanzibar ibaki nyuma. Stanley aliandika kuwa ilikuwa Novemba 10, japo wanahistoria wengi wanaona alikosea hesabu ya siku. Bendera ya mwaka huo ilikuwa na nyota 37, siyo 50 za leo, maana majimbo yalikuwa 37. Mistari 13 ni ile ile, kwa ajili ya makoloni 13 ya mwanzo.

Na sasa utamu wenyewe: Stanley alizaliwa Wales, na uraia rasmi wa Marekani aliupata 1885. Maana yake siku anapeperusha bendera ile Ujiji hakuwa raia kwa karatasi!

Ruka sasa mpaka enzi zetu. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na Kibondo ikapokea Warundi kwa miaka mingi. Safari hii Marekani ilikuja kwenye magunia na madebe ya mafuta yenye nembo ya mikono miwili ikishikana. Mpango wa chakula hicho ulianza kwa sheria aliyoisaini Rais Eisenhower Julai 10, 1954. Debe likiisha mafuta linakunjuliwa, linakuwa mlango. Watu wamelala miaka nyuma ya mlango ulioandikwa USA.

Kuanzia 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 walichukuliwa kutoka kambi za huku kwenda kuishi Marekani, na Wakongo wa Nyarugusu wakafuata. Ukifikisha miaka mitano kule unaweza kuomba uraia, na hapo unaulizwa kwa mdomo maswali ya historia. Kwa miaka mingi yalikuwa 100 ya kusoma, unaulizwa mpaka 10, unapata 6 umepita. Tangu Oktoba 2025 waombaji wapya wanasoma 128, wanaulizwa mpaka 20, lazima wapate 12. Kupokea wakimbizi kwenyewe kulisimamishwa Januari 2025, kwa hiyo wapo walioko Nyarugusu ambao faili zao zimesimama hapo hapo.

Kati ya maswali hayo lipo la kwa nini bendera ina mistari 13. Jibu unalo. Stanley hakuwahi kuulizwa.