Unene, Uvivu na Macho ya Watu: Mafunzo Kutoka Karagwe Hadi London



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, siku moja katika madrasa yetu hapa Nyamirambo tuliwasikia watoto wakimwita mwenzao "Gunia". Tuliwakanya palepale, tukawakumbusha katazo la kudharauliana lililomo katika Suratul Hujuraat, aya ya 11. Hata hivyo, kesho yake mtoto yule hakuja. Tulipomfuata nyumbani, bibi yake alitushangaa. "Enzi zetu," alisema, "mtoto kama huyu alikuwa fahari ya mama yake."

Bibi hakukosea. Tukaona ni vyema tuitazame historia kidogo, ili tujue macho ya watu yalivyobadilika juu ya jambo hili.

UNENE ULIPOKUWA HESHIMA

Hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mto Akagera, katika ufalme wa Karagwe ambao leo uko Tanzania, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanika mwezi wa Novemba 1861. Aliwakuta wake wa jamaa ya kifalme wakinyweshwa maziwa kila siku mpaka baadhi yao hawakuweza kusimama wenyewe. Wakati mmoja alimkuta binti wa miaka 16 akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache. Unene ule ulitangaza kwamba nyumba ina ng'ombe wengi na mwanamke hana haja ya kufanya kazi.

Speke naye hakuonyesha adabu. Alimpima shemeji wa mfalme kwa utepe, akaandika kitabuni kwamba mzunguko wa mkono wake ulikuwa inchi 23, kana kwamba anapima mnyama. Basi tazameni: wenyeji waliusifu mwili ule, mgeni akaufanya kioja, na binti mwenye fimbo kichwani hakuulizwa na yeyote kama anaumwa.

Mawazo hayo hayajaisha. Mpaka leo mwanamume akiota kitambi mitaani kwetu huitwa "bosi". Na anayetembea kwa miguu hudhaniwa kuwa amekosa nauli.

MADEREVA NA MAKONDAKTA WA LONDON

Sasa twende alikotoka Speke, karibu miaka 90 baadaye. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa Uingereza waliona maradhi ya moyo yakizidi kuua wanaume, wasijue kwa nini. Daktari Jerry Morris, aliyezaliwa mwaka 1910, alianza mwaka 1949 kuwachunguza wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64.

Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa moja juu ya nyingine. Dereva alikaa karibu muda wote wa kazi. Kondakta, ili akate tiketi, alipanda ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Wote walitoka mitaa ileile, wakifanya kazi katika basi lilelile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: katika kila watu 1,000 kwa mwaka, madereva 2.7 walipatwa na maradhi hayo kwa mara ya kwanza, na makondakta 1.9.

Wapo waliosema labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris akatafuta vipimo vya sare zao, na mwaka 1956 akaonyesha kwamba kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini alipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, makondakta bado walipatwa kidogo na vifo vya ghafla. Hata kondakta mwenye kitambi, ngazi zilimfaa.

Hatusemi kwamba unene hauna madhara. Kisukari na presha tunaviona majumbani mwetu, na unene ni moja ya sababu zake. Tunachosema ni kwamba jamii hutazama kiuno cha mtu, ikasahau kuuliza kama mtu huyo anatembea.

Morris mwenyewe alianza kukimbia. Alisimulia kwamba alipokimbia katika viwanja vya Hampstead Heath miaka ya 1960, watu walimwona kichaa. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

MASHINDANO YA BI AISHA

Sisi Waislamu tunalo funzo la kale zaidi. Katika mapokezi ya Abu Dawud, Bi Aisha (r.a.) anaeleza kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, walishindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kwa utani kwamba sasa wamelipana.

Tuzingatie hapo. Mtume (s.a.w.) hakumcheka mkewe kwa mwili wake, wala hakumwacha akae. Alimwalika wakimbie pamoja.

SISI JE?

Ni rahisi kuwalaumu wazee wa Karagwe. Lakini watoto wetu hukaa darasani tangu asubuhi, kisha sisi walimu tunawakalisha tena kwenye mkeka mpaka magharibi. Anayekimbia uani tunamwita mtundu. Kumbe fimbo ya yule baba wa Karagwe tumeishika sisi.

Hapa Kigali, tangu mwaka 2016 zimetengwa Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia. Tumewaona wazee na kina mama wakikimbia bila kuulizwa wanafukuzwa na nani. Macho ya watu yanaweza kubadilika.

Nasi tumetenga dakika 20 za michezo kabla ya somo, wavulana kwa wakati wao na wasichana kwa wakati wao. Mtoto yule amerudi. Hajashika nafasi ya kwanza hata mara moja, lakini siku hizi huwahi kufika ili asikose mbio, na jina lile hatujalisikia tena.

Wazazi, tembeeni na watoto wenu, hata kama ni kwenda msikitini tu. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuitunze amana ya miili yetu na tuzilinde ndimi zetu. Aamiin.