Kanzu ya Nabii Yusuf na Haki ya Binti Chuoni



Mwezi uliopita tulipanda boti, kisha basi, mpaka Same, kupeleka nguo za biharusi wetu wa Kipare. Biharusi mwenyewe bado anasoma chuo. Tulipokuwa tunampima, mama yake akatuambia kinachomnyima usingizi si harusi. "Mwanangu akiguswa huko chuoni, nani atamsikiliza?" Swali hilo tumerudi nalo Unguja, na leo tunalijibu kwa historia.

Upareni wanajua thamani ya kusikilizwa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru. Ugomvi ulipokawia kwisha, wanawake wa Usangi nao wakatoka kumkabili mkuu wa wilaya Mwingereza. Mwishowe kodi ikafutwa. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa wengi.

Binti aliyedhalilishwa chuoni huwa peke yake. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Pale Mlimani kulikuwa na kitu kikiitwa Punch: maandishi na michoro ya kudhalilisha watu, hasa wasichana, yaliyobandikwa ukutani bila jina la mwandishi. Wengi waliona ni mzaha wa vijana. Aliyechorwa hakujua amshitaki nani.

Baada ya msiba ule Punch ilipigwa marufuku, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kikapaza sauti. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na mtu mzima anayebaka akawekewa kifungo kisichopungua miaka 30. Mwaka 2007 rushwa ya ngono nayo ikawa kosa la jinai: mwalimu anayetaka mwili ili atoe alama si mkorofi tu, ni mhalifu. Hizo ni sheria za Bara, ambako mabinti wengi wa visiwani huenda kusoma. Zanzibar tuna zetu.

Sasa, mama, haki za mwanao ni zipi? Malalamiko yake yapokewe na yaandikwe. Siri yake itunzwe. Asilazimishwe kukaa chumba kimoja na anayemtuhumu ili "wapatanishwe". Rafiki wa mtuhumiwa asikae kwenye kamati ya nidhamu. Na ajue kuwa kamati inaweza kumfukuza mtu chuo, lakini haiwezi kumfunga jela. Ubakaji ni kesi ya polisi, hata kama chuo kinataka yaishe kimyakimya.

Na mtoto wa kiume akituhumiwa? Naye ni mwana wa mtu. Katiba, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa, na anayeshitakiwa kwa jinai hahesabiwi mkosaji mpaka ithibitike. Aambiwe tuhuma zake, apewe muda wa kujibu, alete mashahidi. Hukumu isiyofuata haki hutenguliwa, na hapo binti ndiye anayeumia mara ya pili.

Sisi mafundi cherehani tunaipenda sana habari ya kanzu ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Aliyeshambuliwa ndiye aliyesingiziwa. Shahidi hakuuliza nani mkubwa na nani mtumwa. Alisema itazamwe kanzu, imechanika mbele au nyuma. Ilikuwa imechanika nyuma, na ukweli ukadhihirika.

Nguo inasema. Basi tuwaambie mabinti zetu: likitokea la kutokea, Allah atuepushe, usioge, usifue. Tia nguo kwenye mfuko wa karatasi, nenda polisi dawati la jinsia ukachukue PF3, kisha hospitali haraka. Kama umeumia sana, anza hospitali. Ujumbe wa simu usiufute.

Yule biharusi wa Same tulimaliza kumpima, tukamkabidhi gauni. Mama yake akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, wa kwanza kukusikiliza ni mimi." Mama, na wewe mwambie wako leo, kabla hajafunga begi.