Megapikseli na sura ya mteja: kamera za dijitali zilivyoingia Kariakoo

Ushindani wa kamera za dijitali ulianza mbali na Kariakoo, Dar es Salaam. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta, yaani pikseli, 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Kwa Tanzania mlango ulikuwa umefungwa, kwa kuwa mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye mitaa kama Aggrey, Msimbazi na Uhuru ikajaa vifaa vya umeme kutoka Dubai, kisha Guangzhou.

Kamera za dijitali zilikuta mji wenye utaratibu wake wa picha. Mpiga picha alinunua filamu ya picha 36, akaitumia kwa kuhesabu, akaipeleka kusafishwa. Mteja alirudi baadaye kuchukua picha na negativu. Kodak ya njano ilipambana na Fuji ya kijani, Konica na Agfa zikifuata. Filamu za rangi zilikuwa na kasoro iliyowaumiza Waafrika kwa miaka mingi: zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na kadi ambazo Kodak iliwapa wasafishaji ili kusawazisha rangi zilibeba sura ya mwanamke wa Kizungu. Mtu mweusi akikaa kando ya mweupe, macho na mashavu yake yalizama kwenye giza.

Kamera za dijitali za mwanzo hazikuweza kushindana na filamu. QuickTake 100 ya Apple, ya mwaka 1994, ilibeba picha nane za pikseli 640 kwa 480. Mavica ya Sony ya mwaka 1997 ilihifadhi picha kwenye diski laini, jambo lililoifaa ofisi yenye kompyuta, lakini studio haikuihitaji. Nikon D1 ya mwaka 1999 ndiyo iliyowashawishi wapiga picha wa magazeti duniani, ingawa bei yake ilizidi dola 5,000. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2003, Canon ilipotoa EOS 300D yenye megapikseli 6.3 kwa bei chini ya dola 1,000.

Hapo mbio za megapikseli zikapamba moto, nazo ziliwapotosha wanunuzi wengi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya sentimita 10 kwa 15, iliyozoeleka kwenye albamu, inatosheka na megapikseli 2 hivi. Picha ya pasipoti, ya milimita 35 kwa 45, inahitaji pikseli 220,000 tu, yaani chini ya robo ya megapikseli moja. Aliyelipia zaidi ili ahame kutoka megapikseli 5 hadi 8 kwa ajili ya picha za pasipoti hakupata chochote ambacho mteja wake angekiona.

Ubora ulikuwa mahali pengine, katika kihisi kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kihisi cha kamera ndogo ya mfukoni kilikuwa na eneo la milimita za mraba 25 hivi. Cha EOS 300D kilifika karibu mara 14 ya hapo. Kadiri viwanda vilivyobana pikseli nyingi kwenye kihisi kidogo, ndivyo kila pikseli ilivyopata mwanga kidogo, na picha za ukumbini usiku zikajaa chengachenga. Harusi ndiyo ilikuwa mtihani mkali zaidi. Bibi harusi mweusi amevaa gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi, flashi inawaka. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi. Kihisi cha wakati ule hakikuvumilia. Gauni liligeuka bapa jeupe lisilo na nakshi, na mpiga picha akipunguza mwanga kulinda gauni, sura ya bibi harusi inapotea. Hivyo mpiga picha wa harusi aliyeendelea kutumia filamu alikuwa na sababu nzuri. Hakuwa mtu wa kuchelewa.

Kilichoishinda filamu ni kasi na gharama. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianzisha blogu ya picha, na Watanzania walio ughaibuni wakaanza kuona matukio ya Dar es Salaam bila kusubiri gazeti. Kwenye sherehe, mpiga picha aliweza kuchapa picha na kuziuza kabla wageni hawajatawanyika.

Soko la bei nafuu lilileta udanganyifu pia. Kamera nyingi duni ziliandikwa megapikseli 12 ilhali kihisi kilikuwa na chache zaidi, nyingine zikiwa zimebuniwa na programu. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kusaka bidhaa bandia, lakini namba ya megapikseli haiwezi kukaguliwa kwa macho.

Konica Minolta iliacha kamera mwaka 2006, na Kodak ikaomba kinga ya ufilisi Januari 2012. Mauzo ya kamera za dijitali duniani yalifika kilele mwaka 2010, zaidi ya milioni 121, kisha simu zikayapokonya. Kariakoo simu hizo mara nyingi zilikuwa Tecno, chapa ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyorekebisha programu za kamera zake kwa kutumia sura za Waafrika, hasa kwenye mwanga hafifu. Transsion haikuwahi kutengeneza filamu, lakini ilifanya ngozi nyeusi inayoonekana vizuri iwe sababu ya mtu kununua, jambo ambalo Kodak ilikuwa na miongo mingi ya kulifanya.